Suti ya Milano, Vumbi la Mtumba

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 29, mtumishi wa wizara moja hapa Mtumba, Dodoma, huu mwaka wa tatu. Nimepanga chumba na sebule Ilazo. Tangu nikiwa chuo napenda mavazi. Nawasoma sana waandishi wa Ulaya na Marekani wanaoandika habari za suti, viatu na saa za wanaume, na nadhani naijua tofauti ya bega la Napoli na bega la London kuliko ninavyozijua kanuni za utumishi. Zamani walinifaa. Walinifundisha kufunga tai, kung'arisha kiatu, kujua urefu wa mkono wa koti. Siku hizi kila makala ni koti la dola 6,000 na viatu vya dola 1,500, na shati la dola 300 wanaliita la bei poa bila hata kucheka. Mimi nikishakatwa kodi, mfuko wa hifadhi, bima na bodi ya mikopo, nabaki na laki sita na chenji.

Mwezi Machi, kwenye kikao, mkubwa wangu mmoja aliiangalia suti yangu ya kijivu (ninayo hiyo moja) akasema mbele za watu: "Hii suti nayo ipandishwe daraja, maana haijawahi kukosa kazini." Watu wakacheka, nami nikacheka. Ila wiki hiyohiyo nikachukua laki sita kwa watu wa mikopo ya haraka, nikaongeza laki mbili na nusu za akiba, nikanunua suti ya bluu dukani. Muuzaji alisema imetoka Milano. Nimeivaa mara sita tu. Baada ya kutoka kwa dobi kifuani kumeumuka kama maandazi na ukosi haulali. Deni limefika laki saba na themanini. Mchumba wangu hajui lolote. Harusi ni Septemba.

Swali langu: je, hawa waandishi wametusahau sisi watu wa kawaida? Niache kuwasoma? Na hiyo suti ya harusi nifanyeje?

Mwenye Suti Moja na Nusu, Ilazo

* * *

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama mbele ya kabati langu mwenyewe, nikihesabu.

Tuanze na hayo maandazi, maana ndiyo yatakayotupeleka kwenye swali lako. Dobi usimlaumu. Koti la suti lina kitambaa cha nje, lina bitana ya ndani, na katikati lina tabaka la tatu usiloliona, ambalo ndilo linalokipa kifua umbo kisining'inie kama kanga kwenye kamba. Kwa mafundi wa kazi ya mkono tabaka hilo ni kitambaa kigumu, pamba au kitani au sufu iliyochanganywa na singa za farasi, nalo hushonwa kwa vishono vingi vidogo vinavyoliacha licheze na mwili. Kwenye makoti mengi ya kiwandani, ya bei ndogo na hata ya bei kubwa, tabaka hilo hubandikwa kwa gundi na mashine ya moto. Gundi ikiwa duni, au mbandikaji akiwa na haraka, joto la pasi na mvuke vinaifanya iachie hapa na kung'ang'ania pale. Panapoachia ndipo panapoumuka.

Ungeweza kulijua hilo dukani, bure, kwa vidole viwili. Shika kitambaa cha nje chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, halafu kwa mkono wa pili shika kitambaa cha upande wa ndani, uvitenganishe taratibu. Ukivisugua ukasikia kitu cha tatu kinateleza katikati, kimejitegemea, hilo limeshonwa. Usipokisikia, na kitambaa cha nje kikawa kizito kama kimekaushwa na wanga, hilo limebandikwa. Koti la gundi si haramu, mimi mwenyewe ninayo mawili. Haramu ni kulilipia bei ya lililoshonwa. Na neno Milano kwenye lebo lisikutishe, lebo hushonwa popote penye cherehani.

Koti hilo ndilo basi. Fundi anaweza kulipiga pasi ya mvuke likalala siku mbili tatu, kisha litaumuka tena. Suruali yake lakini ni nzima, ivae na shati jeupe. Ndiyo maana nimeipenda ile "na nusu" ya jina lako.

Deni nalisema upesi kwa sababu halina falsafa. Kila mwezi unaochelewa, hao watu wanakula sehemu ya harusi yako. Sheria inataka makato ya mtumishi yamwachie angalau theluthi moja ya mshahara wake, ila wakopeshaji wa kausha damu hawapiti kwa mhasibu, wanapita kwenye kadi yako ya benki, na kama wameishika, anza kwa kuidai. Nenda SACCOS ya kazini kwenu, chukua mkopo wa riba ya kibinadamu, uwalipe hawa kwa mkupuo mmoja na uondoke na karatasi. Kisha angalia kama mkopeshaji wako ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali, na sioni sababu ya kuamini kwamba wote walirudi kulima zabibu.

Sasa swali lako.

Unauliza kama waandishi wa mavazi ya kifahari wametusahau. Mwanangu, kusahauliwa kuna maana uliwahi kukumbukwa. Tazama walikozaliwa. Mwaka 1931, Wamarekani wakiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, lilianzishwa jarida liitwalo Apparel Arts. Halikuandikwa kwa ajili ya mvaaji. Liliandikwa kwa wenye maduka na washonaji, limebandikwa vipande vya vitambaa halisi ndani, ili muuzaji ajue msimu ujao amshawishi mteja anunue nini. Wateja walipokuwa wakisubiri kwenye kaunta wakaanza kulifunua na kulitamani. Wenye mali wakaona kumbe huku nako kuna soko, mwaka 1933 wakatoa Esquire kwa ajili ya wanaume wenyewe, na lile la kwanza baadaye likageuka kuwa GQ. Kwa hiyo uandishi huu umezaliwa dukani na haujawahi kuhama. Kilichotokea ni kwamba zamani muuzaji alijua ni lazima akufundishe kwanza ndipo ununue, na mafunzo hayo ndiyo yaliyokuingia wewe, ya tai na kiatu na mkono wa koti. Leo muuzaji hana subira. Mwandishi anapewa koti bure, au anakatiwa kitu kidogo kila msomaji anapobonyeza kununua, na mtu ambaye hakulipia koti atakuambiaje kwamba ni ghali?

Hapo nawalaumu. Siwalaumu kwa bei yenyewe. Suti inayokatwa na kushonwa kwa mkono kwenye mtaa wa Savile Row, London, hula saa 50 za kazi na zaidi, na fundi wa kule naye ana kodi ya nyumba. Bei ile ina sababu. Kosa lao ni jingine: wameacha kabisa kumfikiria mtu anayevaa nguo ileile siku tano kwa wiki, wakati mtu huyo ndiye dunia nzima.

Chukua mfano wa sufu. Utakuwa umekutana na zile namba, Super 100, Super 120, Super 150, na umesoma mwandishi anavyozipandisha kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Namba hiyo ni kipimo cha wembamba wa unywele wa kondoo na si kitu kingine. Super 100 unywele wake hauzidi maikroni 18.75, Super 150 hauzidi 16.25. Namba ikipanda, unywele unazidi kuwa mwembamba, kitambaa kinazidi kuwa laini na kudondoka vizuri, na kinazidi kuwa dhaifu. Mwenye Super 150 ana suti nyingine ishirini kabatini. Anaivaa jioni moja kwa mwezi, anashuka garini na kukanyaga zulia.

Wewe unapanda daladala mjini asubuhi, umebanwa dirishani, kiti kimechanika na sponji linakusugua mgongo karibu kilomita 17 mpaka Mtumba. Unashuka, unatembea. Ikiwa ni Agosti au Septemba, upepo wa uwanda huu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hakuna mti wa kuukwamisha, unakupiga vumbi mpaka kwenye nyusi. Mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka na ikikatika Aprili ndiyo basi hadi Desemba, kwa hiyo vumbi hilo halioshwi na yeyote. Chembe zake ni kama msasa. Zinaingia katikati ya nyuzi, kila unapokunja kiwiko zinakata. Namba kubwa ya sufu hapa ni sawa na kufuga samaki Chamwino.

Sasa sikiliza jambo litakalokuudhi. Suti ya rangi gani inafaa vumbi letu? Si nyeusi, maana kufika saa tatu asubuhi imekuwa ubao wa mwalimu. Bluu iliyokolea ni afadhali kidogo. Kijivu cha kati, kaki na kahawia ndivyo vinavyokaa na vumbi hili kama majirani. Mkubwa wako aliyekucheka alikuwa anaicheka suti pekee ndani ya kile chumba iliyofaa mahali ilipo. Ipigie brashi kila jioni kabla hujaitundika, brashi ya nguo yenye nywele, kutoka juu kwenda chini. Dobi mpelekee mara chache uwezavyo. Na ipumzishe siku mbili baada ya kila siku unayoivaa.

Utasema, itapumzikaje na ni moja? Hapo ndipo ninapotaka kukupeleka, na waandishi wako hawatakuja na sisi.

Mimi nimekulia mji huu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa na TANU mwaka 1973, lakini miaka yote ile suti tulikuwa tunaziona kwa msimu kama kumbikumbi: Bunge likianza zinajaa, likiahirishwa zinarudi Dar es Salaam. Mwanamume wa Dodoma mwenye kazi ya ofisini alivaa Kaunda suti. Suruali na koti la kitambaa kimoja, mikono mifupi, mifuko minne, hakuna tai, hakuna bitana, hakuna tabaka la gundi la kuumuka. Jina ni la aliyekuwa Rais wa Zambia, lakini kwetu ilishika kwa sababu Mwalimu Nyerere na wenzake walikuwa tayari wamegeuka na kuvaa zile za shingo iliyofungwa walizoziita Chou en Lai, na tai ilikuwa inaanza kunuka ukoloni. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa nazo mbili, ya kaki na ya kijani iliyopauka. Alizibadilisha Jumatatu hadi Ijumaa kwa miaka minne, na hakuna mtoto aliyethubutu kuzipandisha daraja.

Tangu Rais Magufuli aseme Julai 2016 kwamba Serikali yote inahamia, na majengo ya Mtumba yaanze kutumika mwaka 2019, suti za Kizungu zimekaa hapa kiangazi na masika. Nazo zimeleta woga. Kijana akiripoti kazini anadhani cheo kimeshonwa kwenye ukosi. Hebu simama getini usome lile bango la mavazi lenye picha zilizopigwa mkasi mwekundu. Linakataza nguo za kubana, linakataza jinzi na fulana. Halitaji lebo, halitaji Milano. Hata Bunge letu, lenye wivu mkubwa wa mavazi, lililomtoa nje mbunge mwanamke mwezi Juni 2021 kwa sababu ya suruali, kanuni zake zinaipokea safari suti ya mwanamume, ndugu ya Kaunda suti, bila neno. Kwa majirani ni tofauti. Novemba 2023 Spika Wetang'ula wa Kenya alipiga marufuku Kaunda suti bungeni, wakati Rais wao mwenyewe alikuwa ameipenda na kuivaa karibu kila hafla. Hilo nawaachia wao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa kununua chochote ni huu: shona Kaunda suti mbili. Chagua kitambaa mchanganyiko cha polista na viskosi, au pamba nzito ikiwa unapenda kupiga pasi. Moja kaki, moja kijivu au damu ya mzee ikiwa una moyo. Zinafuliwa nyumbani kwa maji na sabuni. Fundi wa kawaida anaziweza kwa sababu hazina mahali pa kuficha siri. Hapo utakuwa na nguo tatu za kazi, na ile ya kijivu itapata likizo yake ya kisheria.

Nikukatishe kidogo na aibu yangu, ili usidhani nahubiri kutoka mlimani.

Mwaka 1994 niliitwa kwenye usaili wa kazi mjini hapa. Sikuwa na koti. Wakati huo mitumba ilikuwa imeshazoeleka. Baada ya ile miaka migumu ya mwanzo wa themanini, watu walipokuwa wanapanga foleni ya kitenge dukani, milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984 ikaja kwa marobota, na watu wakaipa jina kafa Ulaya, kwamba mwenyewe ameshakufa huko. Nikaenda jioni, giza linaingia, nikapata koti jeusi la sufu limenikaa kama nimepimiwa. Kesho yake nimeingia, nimekaa, nimejibu maswali yote. Wakati natoka katibu muhtasi, mama mtu mzima, akaniita pembeni, akanong'ona: "Baba, hilo koti linafunga kwa kushoto. Ni la mwanamke." Upande wa kulia ulikuwa juu ya upande wa kushoto. Watu wanne walikuwa wamelitazama kwa dakika arobaini. Kazi sikuipata, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya vifungo au ya majibu.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa barazani Uhindini, mzee wa Kigogo mwenye cherehani ya miguu, nikamwomba ahamishe vifungo. Hakucheka. Aliligeuza nje ndani, akatoboa bitana kwa wembe urefu wa kidole, akanionyesha singa za farasi zimelala kifuani kwa mistari. Mimi nilidhani koti limeoza. Akasema koti ni kama mnyama, lina mfupa na nyama. Nyama ni kiuno, mikono, urefu. Hiyo ataikata na kuiongeza apendavyo. Mfupa ni bega. "Bega likikukataa," akasema, "usiniletee."

Sijasoma mwandishi yeyote wa London aliyelisema vizuri kuliko hivyo, ingawa kwa kweli wengi wao wanasema jambo lilelile. Na hapa ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Usiache kuwasoma. Soma ukiwa umefunga pochi. Bega likae wapi, ukosi ulaleje shingoni bila kuacha mwanya, shati lichungulie kiasi gani kwenye mkono wa koti, suruali ikutane vipi na kiatu: hayo yote ni ya bure na hayabadiliki ukivuka bahari. Bei ndiyo yao, jicho ni la kwako.

Tena yale makoti yenyewe wanayoyaandika yanakuja. Koti lililosifiwa kwenye ukurasa mwaka fulani, mwenyewe akinenepa au akifariki, watoto wake wanalitoa sadaka, linabanwa kwenye belo, na siku moja asubuhi linatupwa juu ya turubai kule Sabasaba au Majengo katikati ya masweta ya watoto. Muuzaji hajui lina nini kifuani. Wewe unajua. Elimu yote ile uliyoisoma kwa tamaa, hapo ndipo inapogeuka fedha.

Nenda mapema siku belo linapofunguliwa, si jioni kama mimi. Livae koti mgongoni kwanza, usitazame kitu kingine mpaka bega liseme. Angalia vifungo viko upande gani, nakusihi. Bana chini ya tundu kama nilivyokueleza. Linyanyue kwenye jua, utazame viwiko na makwapa. Ukiona mwanga unapita, rudisha. Kisha omba ruhusa uchomoe uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, uwashie kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, inazima yenyewe, na majivu yake yanasagika kwenye vidole. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi, inaacha tone gumu kama shanga. Wauza mitumba wenyewe wataanza kukuita uwapimie. Mimi niliwahi kulipwa chai kwa kazi hiyo.

Kuna watu utawasikia wakisema mtu wa chini hana haki ya kupenda vya juu. Sikubaliani nao. Wakongo wametufundisha kinyume. Wakati Rais Mobutu amepiga marufuku tai na suti za Kizungu na kuwavika watu abakosti, koti la kuvaliwa bila tai, vijana wa Kinshasa wakiongozwa na nyimbo na mavazi ya mwanamuziki Papa Wemba walivaa makoti ya Paris na Japani kwenye mitaa isiyo na maji ya bomba, na lilikuwa jambo la kujivunia, la kumwambia mkubwa kwamba mwili huu ni wangu. Wengine waliumia sana kwa madeni, hilo lisifichwe. Lakini msapeur, ndivyo wanavyoitwa vijana hao, anapovaa anavaa kwa furaha, kijana wangu, mtaa mzima unatoka kumwangalia. Wewe ulivaa ile bluu kwa hasira, ukitaka mtu mmoja anyamaze. Je, alinyamaza? Barua yako haisemi, na mimi nahisi hata hakuiona.

Harusi basi. Uliniandikia Mei, kwa hiyo muda unao, ila usiende kwa fundi sasa. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni mji huu uko kwenye Bunge la Bajeti, na kila fundi mzuri ameshikwa na waheshimiwa, makatibu na madereva wao. Nguo yako itakatwa saa nane za usiku na mtu anayesinzia. Subiri wiki ya pili ya Julai. Deni likiwa limehamia SACCOS, nunua kitambaa mwenyewe, usimwachie fundi akununulie. Mita tatu na nusu zinamtosha mtu wa wastani kwa koti na suruali, ila fundi ndiye atakayesema baada ya kukupima. Kijivu tena? Ndiyo, kijivu tena, ila cha juu kidogo kuliko cha kazini, ili Jumatatu baada ya fungate kiweze kuingia ofisini. Mwambie wazi kwamba unataka kujaribu mara mbili: mara ya kwanza koti likiwa limepigwa bandi tu, kabla cherehani haijapita, na mara ya pili kabla ya vifungo. Fundi akikataa kukujaribisha likiwa na bandi, mshukuru na uondoke na kitambaa chako. Usimlipe yote mwanzoni. Na umpe tarehe ya uongo, wiki mbili kabla ya harusi; mafundi wenyewe wanalijua hilo na hawakasiriki.

Ikishindikana, kodisha. Najua wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini ya kukodi ina risiti, na baada ya siku mbili hudaiwi na mtu.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Umeniandikia mimi, mtu usiyemjua, hesabu zako mpaka shilingi ya mwisho, na yule utakayelala naye kitanda kimoja kuanzia Septemba hujamwambia. Nina hakika yeye atakasirika siku tatu. Akijua mwezi wa Oktoba kutoka kwa mtu wa mikopo aliyesimama mlangoni, mimi sitakuwa na safu ya kukusaidia. Mwambie wiki hii. Chukua na lile koti la bluu, mwonyeshe maandazi, maana bila koti hataamini kwamba laki nane na nusu zinaweza kuumuka. Wewe vaa ile ya kijivu.